Rangi Ilipogeuzwa Bei: Historia ya Kujichubua Afrika Mashariki

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi walikuwa wakipokea watu wazima waliovimba uso na miguu, mkojo wao ukiwa umejaa protini. Hizo ni dalili za figo zilizoshindwa kuchuja damu ipasavyo. Katika nchi za joto maradhi hayo mara nyingi huhusishwa na malaria na maambukizi mengine, na ingekuwa rahisi kuishia hapo. Madaktari hao walikwenda mbele zaidi, wakawauliza wagonjwa wanajipaka nini. Kati ya wagonjwa 60 waliochunguzwa, zaidi ya nusu walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki, ilhali miongoni mwa wagonjwa wengine wa hospitali hiyo watumiaji walikuwa karibu mmoja katika kila kumi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972 katika British Medical Journal, jarida la madaktari wa Uingereza. Baadhi ya wagonjwa walipoacha krimu, figo zao zilipata nafuu na uvimbe ukatoweka.

Ushahidi huo ulipatikana mapema, tena hapa hapa kwetu. Zaidi ya nusu karne baadaye, zebaki na ndugu zake bado wanauzwa madukani, kwenye saluni na kwa wachuuzi wa mikononi, na mkorogo umekuwa neno la kila siku. Watu wanapoulizwa sababu, majibu yanayotangulia ni mawili: kwamba wanawake wanaojichubua hawajipendi, au kwamba mkoloni alituachia kasumba. Kila jibu lina chembe ya ukweli, lakini yote mawili yanatazama kichwa cha mnunuzi na kuusahau mkono wa muuzaji. Ukiifuata historia kwa utaratibu, unaona jambo jingine. Kwa vizazi vingi, wenye mamlaka waliipa rangi ya ngozi thamani ya fedha na cheo. Kisha viwanda vikatengeneza kemikali ya kuuza kwa aliyetaka kupanda ngazi hiyo. Na dola zilipoamka, zikamshika aliyenunua na kumwacha aliyeuza. Kujichubua ni matokeo ya mpangilio huo, na hakutakoma kwa kumkemea mwanamke mmoja mmoja.

Tuanzie kabla ya krimu. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na sanaa ya kuutunza mwili yenye taratibu na walimu wake. Bibi harusi alikabidhiwa kwa somo au kungwi, akasingwa kwa singo siku kadhaa kabla ya harusi, akapakwa liwa ya msandali usoni, akatiwa hina na piko mikononi na miguuni, akafukizwa udi, akavishwa vikuba vya asumini. Manjano nayo yalitumika kuupa mwili nuru. Shabaha ya kazi yote hiyo ilikuwa ngozi laini, safi, yenye kung'aa na kunukia. Mwenye rangi ya maji ya kunde na mweusi wa kung'aa wote walipambwa kwa vitu hivyohivyo. Bara nako mafuta ndiyo yaliyotawala. Wakikuyu walijipaka mafuta ya mbarika na udongo mwekundu, Wamaasai wakachanganya udongo wao na mafuta ya wanyama, na jamii nyingine za wafugaji zikatumia samli. Mwili ulisomeka kama tangazo la umri, ndoa, ushujaa au msiba. Vitu hivyo viliijenga ngozi juu ya rangi iliyokuwapo, na vilipooshwa, mtu alibaki alivyozaliwa.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba rangi haikuwa na madaraja kabla ya Mzungu kututawala. Ushahidi mzuri umo katika kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1844 katika jumba la Mtoni na baadaye kujulikana kama Emily Ruete. Mama yake alikuwa suria kutoka Circassia, katika milima ya Kaukasi. Katika kitabu chake kilichochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, Salme anaeleza jinsi masuria wa Kicircassia na wale wa Kihabeshi walivyotengana ndani ya jumba moja, na jinsi ndugu wa upande wa Kihabeshi walivyowaita wenzao paka kwa sababu baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Suria wa Kicircassia alinunuliwa kwa fedha nyingi kuliko Mhabeshi, na Mhabeshi alithaminiwa kuliko mwanamke aliyetekwa bara, ambaye mara nyingi aliishia shambani au jikoni. Hapo rangi ilikuwa na bei kwa maana halisi kabisa: bei iliyotajwa sokoni, ikalipwa kwa sarafu.

Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, waliokuwa watumwa hawakupoteza muda kuuondoa ushahidi wa hali yao mwilini. Mwanahistoria Laura Fair ameonyesha jinsi wanawake walivyoiacha kaniki, nguo nyeusi iliyokuwa alama ya mtumwa, na kukumbatia kanga zenye rangi na maandishi. Walijenga hadhi mpya kwa kitu walichoweza kukinunua. Jambo hili linafaa kukumbukwa tunapofika kwenye krimu, kwa sababu msukumo ni uleule: mtu anayehukumiwa kwa kinachoonekana hutafuta kubadilisha kinachoonekana. Tofauti ni kwamba kaniki ilivuliwa bila kumwumiza aliyeivaa, na soko la kanga halikuhitaji sumu. Hamu ya heshima si kosa. Swali la kihistoria ni nani aliyeielekeza hamu hiyo kwenye ngozi yenyewe, na kwa faida ya nani.

Utawala wa kikoloni haukuvumbua ngazi ya rangi, lakini uliiandika katika sheria, ramani na orodha ya mishahara. Dar es Salaam iligawanywa kwa kanda za ujenzi ambazo watu waliziita kwa majina yasiyohitaji maelezo: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kila kanda ilikuwa na kiwango chake cha nyumba, barabara na maji. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Tume ya Holmes ilichunguza mishahara ya watumishi wa serikali za Afrika Mashariki, na taarifa yake ya mwaka 1948 ikapendekeza kwamba Mwafrika anayefanya kazi ileile alipwe tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu. Kanuni hiyo iliachwa miaka ya 1950, lakini kwa muda wake rangi ya mtu ilikuwa imepewa hesabu inayoweza kuandikwa ubaoni. Wakati huohuo matangazo ya biashara yaliifundisha dunia kuuchukulia weusi kama uchafu. Sabuni ya Pears ya Uingereza ilikuwa imetangazwa tangu miaka ya 1880 kwa picha ya mtoto mweusi anayeogeshwa hadi mwili wake ukawa mweupe. Mtu aliyekulia katika mpangilio huo hakuhitaji kujichukia ili atamani rangi nyingine. Ilitosha awe anajua kuhesabu.

Kilichokuwa kikikosekana ni dawa, na viwanda vilikuwa tayari. Zebaki ilikuwa imetumika kwa muda mrefu katika krimu za wanawake weupe wa Ulaya na Marekani waliotaka kuondoa madoadoa ya jua na kuonekana hawakufanya kazi nje. Mwanahistoria Lynn Thomas, aliyeandika historia ya bidhaa hizi katika kitabu kilichotoka mwaka 2020, ameeleza jinsi soko hilo lilivyohamia kwa Wamarekani Weusi na baadaye Afrika Kusini. Kemikali ya pili iligunduliwa kwa ajali kazini. Mwaka 1939 madaktari wa Marekani waliripoti kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha kusindika ngozi karibu na Chicago, wengi wao Weusi na watu wa asili ya Meksiko, walikuwa wakipata mabaka meupe mikononi. Chanzo kilikuwa kemikali ya jamii ya haidrokwinoni iliyotiwa katika glavu za mpira ili zisiharibike haraka. Haidrokwinoni yenyewe ilikuwa ikitumika zamani katika kusafisha picha. Kilichowapata wafanyakazi wale kama madhara ya kazi kikageuzwa bidhaa, kikatiwa katika vikopo vyenye picha za mabibi wanaotabasamu.

Afrika Kusini ndiko biashara hiyo ilikokomaa, na hilo halishangazi. Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 1950 ilimpa kila mwananchi kundi la rangi, na kundi hilo ndilo lililoamua anaishi wapi, anasoma wapi na anamwoa nani. Katika nchi hiyo ndugu mapacha wawili wafamasia, Abraham na Solomon Krok, walijenga kampuni ya Twins Products iliyokuja kuwa kubwa katika uuzaji wa krimu za kung'arisha. Krimu hizo zilitangazwa redioni na katika magazeti yaliyosomwa na Waafrika, likiwamo jarida la Drum, na wateja wake hawakuwa wanawake peke yao. Ukanda wetu nao ulifikiwa. Miaka ya 1960, Ambi na krimu za aina hiyo zilitangazwa kwa nguvu katika magazeti ya miji ya Afrika huru, zikiahidi mafanikio, mapenzi na usasa kwa karani, mwalimu na mhudumu wa ofisi aliyekuwa ndio kwanza ameanza kupata mshahara wake mwenyewe. Bendera zilikuwa zimebadilika, na tangazo lilibadilika nalo: halikusema tena uwe Mzungu, lilisema uwe mtu wa mjini.

Ni muhimu kuelewa krimu hizi zinafanyaje kazi, maana ndani ya kemia yake kuna mtego wa kibiashara. Rangi ya ngozi hutokana na melanini, inayotengenezwa na chembe maalumu kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho tairosinasi. Zebaki na haidrokwinoni hukizuia kimeng'enya hicho kisifanye kazi yake. Ngozi huanza kufifia baada ya wiki kadhaa, lakini pamoja na rangi hupotea kinga dhidi ya jua, na mtumiaji akiacha, weusi hurudi, mara nyingi kwa mabaka. Kwa hiyo anaogopa kuacha. Zebaki hupenya hadi kwenye damu na kukaa katika figo na mishipa ya fahamu, na mama mjamzito humpelekea mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni inapotumika kwa miaka mingi huleta ugonjwa ambao daktari Findlay na wenzake wa Pretoria waliueleza mwaka 1975: ngozi ya mashavu, hasa sehemu zinazopigwa na jua, inakuwa nzito, yenye vijipele, nyeusi kwa rangi ya ubuluu, na alama hizo haziondoki kirahisi. Aliyenunua krimu ili awe mweupe anajikuta na doa jeusi kuliko alilolikimbia, na dukani anaambiwa aongeze krimu.

Serikali zetu mpya zililiona tatizo, lakini zililiona kwa jicho la mlinzi wa maadili. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara, ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana zingekuwa marufuku kwa sababu zilidhalilisha utamaduni wa taifa. Hata kabla ya tarehe kufika, makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake Kariakoo na kuwachania nguo. Magazeti ya Dar es Salaam yalijaa barua za kuunga mkono na za kupinga. Wako waliouliza kwa nini suti na tai za wanaume hazikuhesabiwa kuwa utumwa wa kikoloni. Swali hilo lilikuwa la haki, na kipindi hicho hicho kilikuwa na mfano wa kulitilia nguvu, kwani serikali ileile ilikuwa imewaandama Wamaasai waache mashuka na kujipaka udongo mwekundu, wavae suruali na wafanane na raia wa kisasa. Mwanamke wa mjini alishutumiwa kwa kuiga Uzungu, Mmaasai akashutumiwa kwa kutoiga. Kilichounganisha kampeni hizo mbili ni imani kwamba mwili wa raia, hasa asiye na sauti kubwa, ni mahali pa dola kutangaza heshima yake.

Operesheni ile ilikuwa na ukweli mmoja mkubwa: krimu hizo zilikuwa na mizizi katika dharau ya kikoloni, na taifa lililojikomboa lilikuwa na haki ya kuikataa. Kasoro yake ilikuwa kuiweka sumu ya figo katika kapu moja na urefu wa sketi. Jambo la afya na biashara likawa jambo la adabu za wanawake, na vijana wa mtaani wakawa mahakimu. Tabia hiyo tumeirithi. Hadi leo mwanamke aliyejichubua ndiye anayechekwa kwa uso wa Fanta na miguu ya Coca-Cola, vifundo vyake vya vidole vinatolewa mifano, na jina lake linapita kwenye mazungumzo. Mwenye kiwanda, mwenye kontena na mwenye duka la jumla hawana utani wao mtaani, kwa kuwa hata majina yao hatuyajui.

Namna lawama zilivyokosea njia inaonekana vizuri zaidi kando ya Ziwa Viktoria. Miaka ya 1990 kulikuwa na hofu kwamba zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu upande wa Tanzania inaingia ziwani, kwenye sangara, na hatimaye kwa walaji. Masazumi Harada, daktari wa Japani aliyetumia maisha yake kuwahudumia waathirika wa sumu ya zebaki ya mji wa Minamata, alikuja na wenzake kupima nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza, na baadaye wakapima pia upande wa Kenya. Viwango vikubwa sana vilipatikana kwa watu ambao hawakuwa migodini wala hawakuwa wamelishwa samaki wenye sumu. Walikuwa watumiaji wa sabuni za kung'arisha zenye zebaki, na sabuni hizo zilitengenezwa Ulaya. Jumuiya ya Ulaya ilikuwa imepiga marufuku zebaki katika vipodozi vya watu wake tangu mwaka 1976, lakini viwanda viliendelea kuchemsha sabuni hizo kwa ajili ya kuziuza nje. Ilipofika mwaka 2003 ndipo sheria ya Ulaya ilipokataza waziwazi kuzisafirisha nje ya Umoja wa Ulaya. Kwa zaidi ya robo karne, basi, sheria ilitambua kwamba sabuni ile ni hatari kwa ngozi ya Ulaya, ikaruhusu iuzwe kwa ngozi ya Kisumu na Mwanza. Hakuna nadharia ya kutojipenda inayoweza kueleza uamuzi huo uliofanywa na watu wenye mizani, maabara na wanasheria.

Afrika Kusini inatupa mfano wa upande wa pili, wa watu waliochagua kumkabili mtengenezaji. Vuguvugu la Kujitambua kwa Weusi, lililoongozwa na Steve Biko na wanafunzi wenzake kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, liliunganisha ukombozi wa nchi na heshima ya mwili mweusi. Krimu ikaanza kuonekana kuwa jambo la kisiasa, na mtu aliyeitumia akaulizwa na wenzake kuhusu mfumo, si kuhusu tabia yake tu. Madaktari wa ngozi, waliochoshwa na mabaka yasiyotibika kliniki kwao, wakaleta ushahidi wa kitabibu. Mchanganyiko huo wa siasa na tiba ulisukuma sheria hatua kwa hatua: zebaki iliondolewa miaka ya 1970, haidrokwinoni ikawekewa kiwango miaka ya 1980, na mwaka 1990 ikapigwa marufuku kabisa katika vipodozi, pamoja na maneno ya matangazo yanayodai kuifanya ngozi iwe nyeupe. Afrika Kusini ilikuwa nchi ya kwanza duniani kukataza hata ahadi yenyewe. Kuna jambo moja la kihistoria linalofaa kutajwa hapa: Jumba la Makumbusho ya Ubaguzi wa Rangi la Johannesburg, lililofunguliwa mwaka 2001, lilijengwa kama sehemu ya makubaliano ya leseni ya kasino ambayo ndugu wa familia ya Krok walikuwa washirika wake. Fedha zilizochumwa katika biashara ya rangi zimekaa karibu sana na kumbukumbu ya maumivu ya rangi.

Atakayepinga atasema kwamba marufuku haisaidii, na ana ushahidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu wanawake wa Durban ulikuta karibu theluthi moja bado wanatumia bidhaa za kung'arisha, robo karne baada ya sheria. Kenya na Tanzania zimekataza zebaki na haidrokwinoni kwa miaka mingi, Rwanda iliendesha msako mkali madukani mwishoni mwa mwaka 2018, na bado krimu zinapita mipakani. Tena kemikali zimebadilika. Dawa kali za steroidi kama klobetasoli, zilizotengenezwa kutibu magonjwa ya ngozi kwa muda mfupi chini ya uangalizi wa daktari, sasa zinachanganywa katika mkorogo na kupakwa mwili mzima, zikiacha ngozi nyembamba kama karatasi, michirizi mipana, fangasi wasiopona na vidonda visivyofunga. Yote hayo ni kweli. Lakini yanathibitisha kwamba marufuku inayoishia dukani haitoshi. Afrika Kusini iliua kiwanda cha ndani na tangazo la hadharani. Haikuiua ngazi ya rangi, na haikuweza kuvizuia viwanda vya nchi nyingine. Ndiyo maana hatua ya kimataifa ina uzito. Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, uliamua kuvikomesha vipodozi vyenye zebaki kupita kiwango kidogo ifikapo mwaka 2020, na mkutano wake wa mwaka 2023 ukaondoa hata kiwango hicho, ili kuanzia mwaka 2025 pasiwe na zebaki iliyoongezwa katika kipodozi chochote. Sheria ya namna hiyo inamlenga anayetengeneza na anayesafirisha, na ndipo tatizo linapoanzia.

Pingamizi la pili ni la uhuru. Kwa nini Mzungu ajianike juani hadi abadilike rangi bila kuhubiriwa, na Mwafrika asiruhusiwe kujibadilisha? Mwili ni wa mwenyewe. Hoja hii inastahili jibu la heshima, kwa sababu inawatendea wanawake kama watu wazima. Jibu la kwanza ni kwamba kujianika nako kumeonywa vikali: mwaka 2009 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliziweka mashine za kujibabua ngozi katika kundi la juu kabisa la visababishi vya saratani. Jibu la pili ni zito zaidi. Mwanamke wa Hamburg anayetoka likizo na ngozi ya kahawia anatangaza kwamba ana muda na fedha za kwenda ufukweni. Hakukimbia daraja la chini, na asipokwenda hatanyimwa kazi ya mapokezi wala mchumba. Uchaguzi ni huru pale ambapo kukataa hakuna gharama. Binti anayeona wenzake weupe wakitangulizwa mbele ya kamera, mbele ya meza ya mapokezi na mbele ya wakwe, anachagua ndani ya chumba chenye mlango mmoja. Kuutetea uhuru wake ni kumfungulia milango mingine na kumhakikishia kwamba kilichomo kwenye kopo kimeandikwa kwa ukweli.

Pingamizi la tatu husema kwamba binadamu kwa asili hupenda weupe, na historia haina la kubadilisha. Ushahidi hauliungi mkono. Kama upendeleo huo ungekuwa wa asili, usingehitaji mabilioni ya matangazo kuuchochea, wala sanaa ya singo na liwa isingedumu kwa vizazi ikiwapamba watu wa rangi zote. Macho hufundishwa, na yanaweza kufundishwa upya. Mwaka 2014, Lupita Nyong'o, Mkenya aliyepata tuzo ya Oscar mwaka huohuo, alieleza hadharani jinsi alivyokuwa akimwomba Mungu utotoni aamke akiwa mweupe, na jinsi kumwona mwanamitindo Alek Wek wa Sudan Kusini akisifiwa kulivyombadilisha. Alitaja pia barua ya msichana aliyekuwa karibu kununua krimu kabla hajamwona yeye akitokea. Ushuhuda wa aina hiyo hauondoi mfumo, lakini unaonyesha kwamba tamaa inayodhaniwa kuwa ya kuzaliwa nayo inaweza kulegea picha moja tu inapobadilika. Fikiria basi zikibadilika picha zote.

Kuna nchi chache zinazojua thamani ya melanini kuliko Tanzania. Watu wenye ualbino, ambao miili yao haitengenezi rangi hiyo ya kutosha, hupata saratani ya ngozi wakiwa bado vijana, na ndiyo sababu kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC mjini Moshi kilianza kutengeneza losheni ya kukinga jua, Kilisun, kwa ajili yao. Wataalamu wanahangaika kumpatia mtu mmoja, kwa losheni na kofia, sehemu ndogo ya kinga ambayo jirani yake alizaliwa nayo na sasa anailipia iondolewe. Jambo hili lisitumike kumwaibisha jirani huyo. Litumike kutukumbusha kwamba ngozi nyeusi ni ulinzi uliojengwa kwa maelfu ya miaka chini ya jua hili hili, na kwamba anayeuza njia ya kuubomoa anauza madhara, hata akiyapa jina la urembo.

Historia hii inatudai mambo mawili. La kwanza ni kuhamisha lawama. Mamlaka zinapoonyesha shehena iliyokamatwa ikichomwa moto, zitaje pia nani aliiagiza, kiwanda gani kiliitengeneza na bandari gani iliipitisha, kisha wahusika wafikishwe mahakamani kama wauza sumu wengine. Na mwanamke aliyeharibika ngozi apokelewe hospitali bila kuzomewa, ili aeleze alichotumia mapema, figo zake zikiwa bado zinaokoleka. La pili linatuhusu sisi tusiouza chochote. Bei ya rangi iliwekwa sokoni, ofisini na sebuleni, na inaendelea kulipwa huko kila mwajiri anapotaka msichana mweupe wa mapokezi, kila mtayarishaji wa video anapochagua sura kwa mizani hiyo, kila familia inapomsifu mkwe kwa weupe wake kabla ya kuuliza tabia yake. Krimu itaendelea kupata mteja maadamu bei hiyo ipo. Sultani na mkoloni hawapo tena kuilipa. Wanaoilipa sasa ni sisi, na tunaweza kuacha.